Kabla Hujashika Jembe: Mwongozo wa Shimo la Mboji kwa Wasiojihadhari

Umehamia Bunju, au Chamazi, au Toangoma. Kiwanja ni ishirini kwa ishirini, nyumba imekula nusu, chemba imekula kona moja, na kilichobaki ni mchanga mweupe ambao ukiumwagia ndoo tatu asubuhi, saa sita mchana unakutazama kana kwamba hamjawahi kuonana. Ulipanda mchicha ukadumaa. Jirani akakushauri samadi, ukanunua gunia kwa gunia kutoka kwa kijana wa guta. Wiki hiyohiyo kijana mwingine wa guta akapita kuzoa taka, ukamlipa naye, akaondoka na maganda ya ndizi, machicha ya nazi na majani yote ya muembe yaliyofagiliwa uani. Usiku ukapiga hesabu ukaona unalipa mbolea ije na unalipa mbolea iondoke. Hapo ndipo wazo la shimo lilipokuingia, na mwongozo huu umeandikwa ili ukukatishe tamaa mapema, kabla majirani hawajaifanya kazi hiyo bure.

Habari njema ni moja tu, tuimalize: kuoza hakuna shida. Joto la Dar huozesha mkate uliofungwa vizuri kabatini, sembuse ganda la papai lililofukiwa. Vijidudu vinavyoifanya kazi hiyo vinataka kitu kibichi chenye nitrojeni, kitu kikavu chenye kaboni, hewa, na maji kiasi. Vitabu husema kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Ukijaribu kuupima uwiano huo kwenye ndoo ya maganda ya viazi utaumwa kichwa bila sababu. Kwa hesabu ya uani, ndoo moja ya jikoni ifuatwe na mbili au tatu za majani makavu, kisha udongo. Ikinuka, umezidisha jikoni au maji. Ikikaa miezi bila kubadilika, umezidisha majani au umeinyima maji. Mwingereza Albert Howard alikaa Indore, India, katika miaka ya 1920 akiuandika utaratibu wa namna hii, na hakuficha kwamba mengi alijifunza kwa wakulima waliomzunguka. Basi. Mengine utakayouziwa ni tisheti na kofia ya semina, pamoja na pakiti ya chakula cha mchana ambayo mabaki yake yatatupwa kwenye pipa moja na chupa za maji, na hakuna mshiriki atakayestuka.

Shida ni kwamba shimo lako halitakuwa porini. Litakuwa uani, na uani wa Dar es Salaam una watu.

Kuchimba

Usichimbe usiku. Najua unatoka kazini saa kumi na moja na foleni inakufikisha Tegeta saa mbili. Hata hivyo usichimbe usiku. Mtu anayechimba kwake kwa mwanga wa tochi, akafukia kitu kilichofungwa kwenye gazeti, hana maelezo atakayoyatoa asubuhi yakaaminika. Kesho yake mtoto wa jirani akipandwa na homa, maganda yako ya viazi yatakuwa yameshapewa jina jingine, na mtu wa kuyafukua atakuwa ameshatafutwa. Chimba Jumamosi saa tatu asubuhi, geti wazi, redio ikiwaka. Akipita mjumbe na kuuliza, "Baba Nanii, hilo shimo tena la nini?" usianze na mabadiliko ya tabianchi. Sema, "La taka za jikoni, mjumbe. Karibu chai."

Watakuwepo wenye dhana nyingine, hasa kama kiwanja kina muembe mkongwe: kwamba umepata ramani ya mali ya Mjerumani. Mjerumani aliondolewa Dar es Salaam mwaka 1916, na tangu hapo ni vigumu kuchimba shimo lolote nchi hii asitokee mtu wa kusimama pembeni, mikono nyuma, akitazama kitakachotoka. Usimfukuze. Mpe chepe.

Ukiamua kumwita kibarua, ujue kwamba kwake kuna mashimo ya aina mbili, la choo na la taka, na yote hulipwa kwa futi. Ukimwambia unataka futi moja na nusu, atakuhurumia. "Bosi, futi moja na nusu si shimo, hapo unapanda mgomba tu." Kwa kutokujua ametoa ushauri bora kuliko wote utakaoupata mwaka huu, lakini tutafika huko. Shikilia futi yako moja na nusu. Chini ya hapo hewa ni haba, na kitu kinachooza bila hewa hutoa uvundo na gesi ya methani. Tena mizizi ya mchicha haina safari ya kwenda futi sita kufuata chakula. Kama uko bondeni, upande wa Mtoni kwa mfano, ukilazimisha kina wakati wa masika utakutana na maji kabla hujamaliza kulipana.

Sururu isishuke kabla hujauliza bomba la maji limepita wapi, chemba imeishia wapi, na mwenye shamba wa zamani aliwazika wapi wazee wake. Hilo la mwisho si mzaha. Sehemu kubwa ya Mbagala na Chamazi ilikuwa mashamba ya minazi na mikorosho, na wenyewe walizika humohumo. Uliza kwa adabu, uliza kwa mzee, usiulize kwa dalali. Shimo la choo lililofukiwa zamani nalo halina kibao.

Ndoo ya pili

Nyumba nyingi zina pipa moja, na ndani yake vitu vyote ni sawa mbele ya sheria: ganda la ndizi, betri ya rimoti, pampasi, kichupa cha dawa ya kikohozi. Wewe unataka kuleta ubaguzi. Utanunua ndoo ya pili yenye mfuniko, utaiweka karibu na sinki, utatoa hotuba, na wote watakuitikia vizuri. Kufikia Jumatano ndoo itakuwa imelowekewa sare za shule. Ndoo nzima yenye mfuniko, isiyo na kazi inayoeleweka, haiwezi kukaa wiki moja katika nyumba yenye mgawo wa maji. Nunua iliyopasuka.

Maganda ya ndizi, mihogo, viazi, mapapai na matikiti yaende shimoni, pamoja na majani ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa. Machicha ya nazi yaende, ila uyachanganye na makavu. Yakirundikana peke yake huchacha na kuita panya wa mtaa mzima. Ukoko na ugali uliolala, kidogo, chini kabisa. Vichwa vya samaki na mifupa viache, isipokuwa kama una ugomvi na usingizi wako, kwa maana mbwa wa mtaa watakuja kuvifuata saa nane usiku, wakifuatiwa na panya buku. Majivu ya mkaa ni kiganja kimoja kimoja. Ukimwaga ndoo, udongo unakuwa na magadi.

Kuhusu makumbi tusidanganyane. Nyuzi zake ni zilezile ambazo wanawake wa Pwani na visiwani huzifukia kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, kisha huzifukua na kuzitwanga ili wasokote kamba. Yaani matope ya bahari hushinda nazo muda wote huo, na kamba bado inatoka. Wewe na mchanga wako wa Bunju mtazifanya nini? Yapange makumbi juu ya ardhi, upande wa ndani ukiangalia chini, yauwekee mchanga kivuli na kuzuia maji yasikauke. Hiyo ndiyo kazi yanayoikubali.

Majani ya muembe nayo ni magumu na huchukua muda, kwa hiyo yakanyagwe na yaloweshwe kwanza. Lakini adui yake mkubwa ni fagio la chelewa. Saa kumi na mbili asubuhi kila uwanja wa mtaa unafagiliwa, jani halisazwi, na lundo linawashiwa moto likiwa bado na umande. Kaboni yote uliyoambiwa uitafute iko pale, inapanda hewani. Ukiwahi kuamka unaiokoa kwa gunia. Ukichelewa unaivuta kwa pua. Na usitarajie kumshawishi anayefagia kwamba majani yabaki chini yafunike udongo. Uwanja wenye majani, kwa macho ya wapita njia, ni uwanja wa nyumba yenye msiba au yenye mvivu, na hakuna anayekubali kuitwa mvivu kwa ajili ya mchicha wako.

Rambo angalau haitakusumbua sana: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Vifuko vya ubuyu, karanga na barafu vilibaki, na vina ustadi wa kujificha ndani ya maganda ya maembe. Utavikuta vikiwa na rangi zake zote siku utakapokuwa ukimwonyesha mgeni mboji yako.

Wakaguzi

Kuku wa jirani watakagua shimo kila siku kabla ya saa moja, na wewe ndiye utakayelaumiwa wakipotea. Ila mkaguzi anayestahili heshima ni kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu; aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, kwa matumaini kwamba angesafisha mji kwa kula taka. Alikula taka. Akala na vifaranga, akala na mayai ya ndege wengine, akavuka bahari, na leo yuko juu ya nguzo ya umeme Mbagala Rangi Tatu akikutazama unavyotoka na ndoo. Dar imemwekea mitego, imemwekea sumu, yeye bado anahudhuria. Mtu akikuletea mradi wa kutatua taka kwa kitu kilichofanya vizuri kwingine, mwonyeshe nguzo. Dawa ya kunguru na kuku ni moja: kila unapomwaga, funika kwa udongo usiopungua kiganja kizima, na juu yake laza kipande cha wavu wa kuku na matofali mawili. Usiache "mpaka jioni".

Siku moja utafukua kidogo na kukuta funza wanene, wa kahawia, wanaosukumana. Mtu wa nyumbani atapiga kelele itakayosikika hadi kwa mjumbe. Wengi wao ni watoto wa nzi fulani mweusi, mwembamba, anayefanana na nyigu lakini hana mwiba wala habari na sahani yako ya wali. Akishakuwa na mabawa hali tena mabaki. Funza hao wanamaliza chakula kwa kasi kuliko kitu chochote utakachokinunua, na kuna watu wanaowafuga makusudi kulisha kuku na samaki. Lakini haya usiyaeleze kelele zikiendelea. Funika, nawa mikono, eleza kesho.

Masika ni habari nyingine. Kuanzia Machi shimo lililo wazi linageuka dimbwi la supu, na supu hiyo inapendwa na mbu wa Culex, mpenzi wa maji machafu, ambaye ndiye aliyeeneza matende na mabusha mijini kwetu Pwani. Bwana afya akikukuta na dimbwi hilo hatakuuliza kuhusu kaboni. Kwa hiyo kabla ya masika shimo lijazwe hadi lipande tuta, lifunikwe, na mfereji mdogo uelekeze maji pembeni; pembeni kwako, si kwa jirani. Kiangazi kinataka kinyume chake. Mchanga hukauka, kuoza husimama, na maji ya kuoshea mchele ambayo ulikuwa unayamwaga barabarani yanapata kazi.

Ukishauriwa uache

Shemeji atakuja Jumapili, ataangalia shimo, ataangalia shati lako, na atasema taka ni kazi ya Manispaa. Ni kweli, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri taka ngumu. Msimulie basi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na nzi wa dampo, waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, kisha likaomba muda mwingine. Hatimaye malori yakageuzwa kuelekea Kunduchi Mtongani, huku Kinondoni, na watu wa Kunduchi nao wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Malori yakahamia Vingunguti, yakahamia Mtoni kule Temeke, yakahamia Pugu Kinyamwezi. Kila kituo kilikuwa na watu, na kila shehena, kwa zaidi ya nusu yake, ilikuwa mabaki ya chakula na majani, yaani kitu ambacho mchanga wa Bunju ungekimaliza bila wakili. Leo ganda lililomenywa Bunju linasafirishwa kukatisha mji mzima ili likavunde juu ya kilima cha Pugu, na dizeli ya lori ni sehemu ya ada unayolipa.

Kinondoni imejaribu jambo lenye akili zaidi. Mabwepande, kulekule walikohamishiwa watu wa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg, jiji rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010, kikikusudiwa kupokea tani 50 za taka za masokoni kwa siku. Uzuri wake ni kwamba kinaanzia sokoni, ambako maganda yako peke yake, hayajakutana na pampasi. Wale vijana wanaosimama juu ya shimo lako wakisubiri mali ya Mjerumani ardhini waelekezwe huko.

Mtaalamu unaye nyumbani

Kabla hujafungua video nyingine kwenye simu, iliyopigwa kwenye nchi yenye theluji na mtu mwenye glavu, mwulize mama mkwe. Kama ni wa Bukoba, atalitazama shimo lako lenye kona zilizonyooka na kunyamaza kwa adabu. Siku ya tatu utamkuta amemwaga ndoo shinani mwa mgomba, akafunika kwa majani ya mgomba huohuo, amekaa zake barazani. "Shikamoo mama. Mbona shimo lipo?" "Marahaba mwanangu. Nimeliona." Hataongeza neno. Kwao kibanja kimelishwa hivyo kwa vizazi, kwa mabaki ya nyumba na nyasi zilizokatwa mbugani, kama Wachaga walivyolisha vihamba vyao. Wamatengo wa Mbinga wamekwenda mbali zaidi: hufyeka nyasi, huzilaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika kwa udongo wanaoutoa. Linabaki shimo la kunasa maji, na pembeni matuta yenye mbolea tumboni. Hayo ndiyo mashimo ya ngoro. Yana umri wa zaidi ya karne, na hayana nembo ya mfadhili.

Unganisha mama mkwe na kibarua, upate shimo linalofaa Dar: pana kuliko lilivyo na kina, udongo uliotoka umezungushwa ukingoni ukawa tuta, na juu ya tuta migomba mitatu au minne na mpapai. Katikati mwaga vya jikoni, funika kwa majani na makuti makuukuu, na usihesabu uwiano wowote. Mgomba una njaa isiyoisha na kiu ya kutosha kunywa hata maji ya kuoshea vyombo, mradi hayana sabuni nyingi. Ukiwa mpangaji, panda mboga, acha migomba. Mkungu ukikomaa ndipo mwenye nyumba anapokumbuka kwamba ana mtoto wa kiume anayehitaji chumba.

Usishangae shimo likizaa usichokipanda. Lundo kubwa la mboji hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 na kuua mbegu. Shimo dogo la uani halifiki huko, kwa hiyo nyanya, maboga na mipapai vitaibuka vyenyewe, na msimu wa maembe utakupa miche ya miembe isiyo na idadi. Ing'oe miembe, acha maboga. Boga likishatambaa na kuvuka uzio, jirani yuleyule aliyeuliza unafukia nini atakuja kuomba majani yake apike kwa nazi. Mpe, na mpe ndoo iliyopasuka arudi nayo na maganda.

Limebaki suala la fedha. Baada ya miezi kadhaa kiroba chako cha taka kitabaki na vichupa na pampasi tu, chepesi kiasi cha kubebwa na mtoto. Kijana wa kukusanya ada ya taka atabisha hodi akiwa na mashine yake mkononi, nawe utamweleza kwa fahari kwamba maganda unafukia, majani unafukia, na huna karibu chochote cha kumpa. Atasikiliza hadi mwisho, kwa kuwa amelelewa vizuri. Kisha atasema, "Hongera sana mzee wangu. Ila ada ni kwa kaya." Usibishane naye getini; anazijua nyumba zote za mtaa huu na unahitaji azisifie habari zako. Lipa. Chukua risiti. Usiitie shimoni, kwa sababu karatasi ya mashine zile imepakwa kemikali ya kupokea maandishi, na maandishi yatafutika muda mrefu kabla karatasi haijaoza, na kijana wa mwezi ujao hapokei karatasi nyeupe kuwa ushahidi.